Sentensi Tano za Kumtania Wifi

Nimerudi. Naandika haya mara moja kwa ajili ya wote, kwa sababu tangu nitue uwanja wa ndege wa Pearson, hapa Toronto, simu haijapoa, na kila anayepiga anataka nianze mwanzo. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa ghorofa ya tisa, alinibana ndani ya lifti nikiwa bado nimeshika sanduku: "Dada Tatu, ulifika? Kijerumani uliisema? Balikusikia?" Nilifika. Nilisema. Kama walinisikia, hilo ndilo linalohitaji kurasa.

Mambo ya viza, tiketi na ile picha ya pasipoti inayonionyesha kama mtu anayetafutwa nayaruka. Aliyewahi kupanga foleni anayajua, na ambaye hajawahi, Mungu amzidishie.

Dixon: mtu mzima anaingia darasani

Kwa asiyejua, nilikuwa na kaka mmoja, Shija, aliyenizidi miaka kumi na mitatu. Baba alipofariki kule Tabora nilikuwa bado naandikia penseli, na kaka ndiye akawa baba. Alinisomesha, alinichapa, alikagua madaftari yangu kama mkaguzi wa elimu. Mtu wa namna hiyo humtanii. Unamwamkia shikamoo, unajibu ulichoulizwa, unanyamaza. Hata nilipofika umri wa kuvaa miwani, nikimpigia simu kutoka Toronto nilikuwa nakaa sawasawa kwenye kochi na kushusha sketi, kana kwamba ananiona.

Alikwenda Ujerumani kama fundi wa magari, akaoa huko, mwanamke anaitwa Gerda. Basi hapo ndipo nilipopata pa kupumulia, maana kaka hataniwi lakini wifi ni wangu. Kwetu dada wa mume naye ni mume. Ana haki ya kudai maji ya kuoga, kukagua sufuria na kusema chumvi imezidi hata kama haijazidi, na wifi naye ana haki ya kumjibu hadi amkome. Tatizo lilikuwa moja tu: Gerda alikulia upande wa mashariki, shuleni walimfundisha Kirusi. Kiingereza hana, Kiswahili hana, na mimi Kijerumani nilikuwa sina hata cha kuombea maji.

Kwa hiyo kaka alikuwa mkalimani. Kila Jumapili, miaka kama ishirini, simu inawekwa spika kubwa, nasema: "Shikamoo kaka. Mwambie huyo mke wangu mumewe yuko kwenye simu, aache kusinzia." Kaka ananyamaza kidogo, nasikia Kijerumani kinapita, kinarudi, halafu kaka anasema kwa sauti yake ya hakimu: "Wifi yako anasema, mume gani huyo aliyejificha kwenye barafu ya Kanada kama samaki wa kugandishwa?" Nikimponda kwa upishi, jibu linakuja: "Anasema yeye anapika kwa moto, wewe unapika kwa mdomo." Siku nyingine: "Anasema siku ukija atakupokea mlangoni na mwiko." Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kaka yeye hacheki. Anafikisha ujumbe tu, kama posta.

Nilimpenda sana yule mwanamke. Niliwatangazia wote hapa mtaani kwetu Dixon: nyinyi mnaosema Wajerumani hawana utani, hamjamsikia wifi yangu.

Kisha kaka akafa. Moyo, asubuhi moja ya baridi, akiwa anafunga kamba za viatu. Mazishi sikuwahi. Gerda alituma barua ya mistari mitatu na picha ya kaburi lenye maua yaliyopangwa kama wanajeshi, na baada ya hapo Jumapili zikawa kimya. Hakuwa na la kunipigia, kwa lugha gani? Mwaka mzima. Msiba mmoja ukanichukulia watu wawili, na nasema wazi kwamba yule wa pili ndiye niliyeshindwa kumwachilia. Gerda ndiye mtu pekee duniani aliyebaki anayejua kaka alikuwa anakunywaje chai. Nikimkosa huyo, basi Ujerumani ni nchi tu iliyommeza ndugu yangu.

Binti yangu Neema alisema, "Mama, just use the app. Unaongea, simu inatafsiri." Nikamuuliza kama amewahi kuona simu inamtania mtu. Akasema, "It's literally free." Huyo ndiye mwanangu.

Nikaenda darasani, Jumamosi asubuhi, maktaba moja ya mtaa, bure kwa wakazi. Mwalimu aliitwa Ingrid, mama mstaafu mwenye nywele fupi na saa kubwa ya mkononi. Tulikuwa wanafunzi saba. Mmoja alijifunza Kijerumani ili aimbe, mmoja kwa sababu ya mbwa wake, ambaye alikuwa wa kabila la Kijerumani na inasemekana alielewa amri vizuri zaidi kwa lugha ya mama yake. Nilipoulizwa sababu yangu nikasema nakwenda kumtania wifi. Ingrid akaandika ubaoni: "Kutembelea jamaa."

Tulijifunza majina yetu, umri wetu na hobi zetu. Wazungu hawawezi kuongea na mtu asiye na hobi. Kila wiki Ingrid aliniuliza hobi yangu, na kila wiki nilisema kulala. Akasema kulala si hobi. Nikamwambia afanye zamu mbili za kuwaogesha wazee, kisha tuongee tena. Mwishowe akanipa hobi ya kuogelea, kwa kuwa tayari ilikuwa kitabuni, na hadi leo kuna watu saba Toronto wanaoamini mimi ni muogeleaji.

Mwezi wa tatu wa darasa nikaona muda unakwenda, nikampelekea karatasi yenye sentensi tano za utani, anitafsirie. Alisoma ya kwanza, akavua miwani.

"Huwezi kumwambia mjane hivi, Tatu. Ataumia."

"Ni wifi yangu. Nisipomwambia ndiyo ataumia. Atajiuliza nimekasirikia nini."

"Mume wake amekufa."

"Na ni kaka yangu. Ndiyo maana."

Alinitazama kwa huruma, akanifundisha maneno ya rambirambi ya kwao. Ni mawili: *Herzliches Beileid.* Nikasubiri mengine. Akasema yametosha, unampa mtu mkono, unakaa pembeni. Maneno mawili kwa maiti mzima! Kwetu pole ya kuku aliyekanyagwa ni ndefu kuliko hiyo.

Aliyeniokoa ni Mzee Otto. Ni mkazi wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, miaka tisini na ushee, Mjerumani wa zamani anayeutukana uji kila asubuhi kwa lugha yake. Nilimsomea sentensi zangu wakati namkausha miguu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mzee alicheka, hadi nikamshika asidondoke.

"Hii ni vita," akasema. "Mimi ndiye mwalimu wako. Yule mama wa maktaba mwachie mbwa."

Tukafanya mazoezi wiki sita, yeye ndani ya beseni la kuogea, mimi na sabuni. Sentensi tano, kwa moyo, na pumzi mahali pake. Kama zawadi ya kuhitimu alinifundisha neno la kumwita mtu mwongo, *Lügner*, na la mwanamke, *Lügnerin*. Alisema katika maisha yake hayo ndiyo yaliyomfaa kuliko yote.

Ghorofa ya kumi na nne hadi Pearson

Mnajua nakaa wapi. Ndege zinapita juu ya jengo letu chini kiasi kwamba naweza kuona matairi. Toka mlangoni kwangu hadi uwanjani ni dakika kumi kwa gari, na siku hiyo nilitumia saa moja na nusu, saa nzima ikiwa ndani ya jengo. Lifti zote mbili ziliamua kupumzika. Nikashuka ngazi ghorofa kumi na nne na sanduku lenye asali ya Tabora, dagaa, na kitenge cha Gerda, na kila kituo nikakuta jirani anapanda na mifuko, tukasalimiana. Huwezi kumpita mtu kwenye ngazi bila kumuuliza za watoto. Ghorofa ya tano nilikaribishwa chai. Nilikataa, nawaapia, lakini ilinichukua robo saa kukataa.

Ndani ya ndege nilianza kazi mapema. Mhudumu akapita, nikamwomba maji kwa Kijerumani kizuri, sentensi nzima, kitenzi mahali pake. Akanijibu kwa Kiingereza. Nikaomba mkate kwa Kijerumani. Kiingereza. Nikamshukuru kwa Kijerumani, akasema "You're welcome" na tabasamu la mtu anayemsaidia kipofu kuvuka barabara. Miezi sita nimejifunza lugha ya watu, na watu wenyewe hawataki kuigusa na mimi! Nililala kwa hasira hadi Frankfurt.

Frankfurt kwenda Erfurt: goti

Wote mliniambia kwamba Ujerumani treni haichelewi. Nataka majina ya walioniambia. Kwanza treni ilihamishwa kutoka jukwaa la saba kwenda la kumi na tisa, tukakimbia wote kama tumeitwa na mgao wa sukari. Kisha ikachelewa dakika ishirini, kisha arobaini, kisha ubao ukaacha kutaja dakika. Wajerumani waliokuwa pale walitazama ubao, wakatazama saa zao, wakatazama ubao, kimya, na uchungu wa watu waliosalitiwa na ndugu wa damu. Mimi nilikaa juu ya sanduku nikala karanga. Katika jambo hilo nilikuwa na uzoefu kuwazidi wote.

Treni ilipokuja nilikaa karibu na mzee mwenye kofia ya sufu na fimbo. Nikaona hapa ndipo pa kuanzia. Nikamsalimia, na kwa kuwa salamu moja si salamu, nikaendelea kama tunavyofanya: hujambo, habari za nyumbani, habari za familia, habari za afya. Sote tunajua jibu. Jibu ni nzuri. Hata mtu akiwa anakata roho atasema nzuri, kisha ndipo aseme "ila tu nakufa."

Mzee yule aliweka gazeti chini, akafikiri, akanijibu. Alinijibu yote. Alianza na goti. Goti lilichukua kutoka Frankfurt hadi nikamaliza karanga. Alikunja suruali, akanionyesha kovu. Akaja kwenye familia: kuna mkwe fulani, mwanamke, ambaye nadhani ndiye aliyeharibu Krismasi. Nilikuwa nashika neno moja kati ya kumi, daktari, goti, Krismasi, goti, na kila nilipotikisa kichwa kwa adabu aliongeza sura nyingine. Kosa lilikuwa langu. Nilimuuliza, na kwao aliyeuliza anataka kujua.

Lakini magoti ndiyo kazi yangu. Nikamshika mguu, nikamwonyesha namna ya kuunyoosha akiwa ameketi, kuhesabu kumi, kushusha. Akafanya. Mama wa kiti cha mbele naye akageuka, akaanza kunyoosha wake. Tukaingia Erfurt abiria wanne miguu juu, na mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniambia jambo refu, na hakulisema kwa Kiingereza.

Kituoni kwa wifi

Kutoka Erfurt ni treni ndogo ya mabehewa mawili. Mji wa Gerda ni mdogo, na jina lake lina konsonanti za kutosha kugawia mikoa miwili, kwa hiyo niuite tu kwa Wifi. Siku na treni ya kufika nilikuwa nimemwandikia kwa barua, Ingrid akanisahihishia. Nilimwona kabla treni haijasimama: mrefu, mwembamba, koti la kijivu, amesimama sawasawa katikati ya jukwaa kama alama ya barabarani. Miaka ishirini ya vijembe, na leo ndiyo uso kwa uso. Nilitazama hata mikono yake, kama ameshika mwiko.

Alinyoosha mkono. "Herzliches Beileid," akasema.

Nikaupokea, nikavuta pumzi mahali alipoonyesha Mzee Otto, nikafungua kinywa na kutoa sentensi ya kwanza kwa sauti ya kutosha jukwaa zima: *Wer ist diese Oma? Wo ist meine Frau?* Nani huyu bibi kizee? Mke wangu yuko wapi?

Gerda aligeuka nyuma kuona nani anaambiwa. Hapakuwa na mtu. Akanitazama tena, uso ukabadilika, akanishika kiwiko taratibu sana, akanikalisha kwenye benchi na kunipa maji. Aliniuliza kama najua leo ni siku gani. Mimi ndiye ninayewauliza wazee swali hilo kila asubuhi kazini, kwa hiyo nililielewa lote.

Nikajipa moyo kwamba ni haya ya siku ya kwanza. Nyumbani kwake kulikuwa safi hadi nikaogopa kukanyaga. Saa kumi na mbili jioni akaita chakula, nami nilikuwa nimesafiri siku nzima nikiwaza wali, nikiwaza hata viazi. Mezani kulikuwa na ubao. Juu ya ubao mkate mweusi, jibini, matango ya siki. Vyote baridi. Jiko limezimwa, linang'aa, halina habari na mtu. Hapo nikaona nafasi ya sentensi ya pili, nikasema kaka yangu alikufa kwa kutafuna mkate huu, mimi ni mume wako, niwashie moto.

Ingrid wa maktaba, popote ulipo, ulikuwa sahihi. Gerda aliweka kisu chini. Hakulia wala hakugomba. Alisema "Ja," ndiyo, polepole, akainuka, akawasha jiko na kuchemsha yai moja, akaniwekea mbele, akaenda kulala. Saa moja hiyo, jua bado lipo. Nilikaa na yai langu nikajisikia mwizi. Sentensi tatu zilizobaki nilizimeza. Niliona wazi kwamba nimevuka bahari kuja kumpoteza wifi kwa mdomo wangu mwenyewe, na zilikuwa zimebaki siku sita.

Daftari

Kesho yake tulipishana kwa adabu kama wapangaji. Alinifungulia mlango, nikamshukuru, akasema bitte, yaani karibu. Nilimkabidhi kitenge, akakipokea na kukikunja mara nne. Nikatoa asali. Alichukua chupa, akanusa, akakaa chini. "Shija," akasema. Aliipaka juu ya ule mkate mweusi, akanikatia kipande. Tukala wote wawili bila kutazamana, na nakiri mkate ulikuwa mzuri.

Nikaona bora niombe radhi. Nikachukua kamusi ya Ingrid, nikaunga maneno moja moja: samahani, jana nilikuwa natania, kama wewe ulivyokuwa ukinitania. Kama uliposema wewe unapika kwa moto na mimi napika kwa mdomo.

Gerda alinitazama. "Nani alisema?"

"Wewe. Kwenye simu."

"Mimi?" Akajigusa kifua. "Hapana. Kamwe."

Akainuka, akarudi na daftari la jalada la bluu. Mnajua watu hawa, hakuna kisichoandikwa. Kila Jumapili baada ya simu alikuwa akiandika yale ambayo kaka alimtafsiria kwamba nimesema, ili asisahau kunijibu vizuri. Akafungua, akanionyesha kwa kidole, tukasoma pamoja na kamusi. *Tatu anakusalimu. Tatu anakuombea afya njema.* Wiki iliyofuata: *Tatu anashukuru kwa kumtunza kaka yake vizuri. Anasema wewe ni zawadi ya familia.* Kurasa na kurasa. *Tatu anakuombea afya njema. Tatu anakuombea afya njema.* Siku nilipomwita gunia la usingizi nilikuwa nimembariki. Siku nilipodai maji ya kuoga, kumbe nilimwombea baraza zima la malaika.

"Nilikuogopa," Gerda akasema, akitafuta maneno mepesi ili nishike. "Nilifikiri wewe ni mtu mtakatifu. Kama mtawa. Mimi kila Jumapili nilisema tu: asante, msalimie pia."

Asante, msalimie pia. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote kwa miaka ishirini. Sasa yule samaki wa kugandishwa alitoka wapi? Na mwiko?

Nilichukua muda kuelewa. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua Kiswahili. Yule hakimu, yule posta, niliyemshushia sketi kwenye simu. Hakuweza kunitania, mila ilimkataza kama ilivyonikataza mimi, alikuwa baba yangu. Basi akaazima mdomo wa mke wake, akajificha nyuma yake kila Jumapili na kunirushia vijembe kwa uso mkavu, na mimi huku Dixon nacheka hadi ukuta unagongwa. Nilifikiri nimempata wifi mcheshi. Kumbe nilikuwa nataniana na kaka yangu. Nililia pale mezani, kwa sauti, kwa namna ya kwetu, na sikuona haya.

Gerda alisubiri nitulie. Kumweleza nilikuwa na maneno machache tu, lakini Mzee Otto alikuwa ameniachia moja zuri. "Shija," nikasema, "*Lügner.* Miaka ishirini." Nikamwelekezea kidole yeye: utani wa kaka. Nikajielekezea mimi: utani wa kaka. Nikamsimulia yote aliyowahi kusema bila kusema, barafu, moto, mdomo, mwiko, nikiigiza kwa mikono pale kamusi iliposhindwa.

Gerda akasema methali ya kwao, akaniwekea kiganja karibu na sakafu ili nielewe: uongo una miguu mifupi. Hata sisi twasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia, "Shija, miguu mirefu," na kweli kaka alikuwa mrefu hadi milango ikimwogopa. Gerda akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia, nikasogea nimshike. Alikuwa anacheka, mkono mdomoni, machozi yanatiririka, na ilibidi tule mkate mwingine na asali ili tutulie.

Asubuhi iliyofuata nilishuka ngazi nikamkuta amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameziba njia, uso mkavu kama wa afisa wa uhamiaji. Mkononi ameshika mwiko. Nyuma yake sufuria ya viazi inatoa mvuke.

Makaburini

Siku ya mwisho tulikwenda kwa kaka. Makaburi ya kule ni bustani. Kila mtu ana kopo lake la kumwagilia, na makopo yamefungwa kwenye chuma kwa kufuli kama baiskeli, maana inaonekana Mjerumani anaweza kukuachia mlango wa nyumba wazi lakini si kopo. Gerda alifungua la kwake, akajaza maji. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya koti la kijivu. Amekifunga vibaya, kimempanda upande mmoja, na nilimwambia, kwa sentensi ya tatu ya Mzee Otto, ile ya kumponda mke kwa mavazi.

Nikasimama mbele ya jiwe lenye jina la kaka. Mwaka mzima nilikuwa nimepanga hotuba. Kwetu watani ndio wanaosema msibani, wanamcheka marehemu, wanaiga alivyotembea, hadi wafiwa wapate kupumua. Dada hana ruhusa hiyo. Nikashusha sketi, nikasema, "Shikamoo, kaka." Upepo ukapita. Nikajua hotuba yote haifai.

Nikafanya kama alivyokuwa akifanya yeye.

"Kaka," nikasema, "wifi anasema wewe ni mwongo mkubwa. Anasema umeondoka bila kuaga, kamba za viatu hazijafungwa, ukamwachia mume asiyejua hata kula mkate. Anasema alijua tangu zamani kwamba ni wewe. Anasema vijembe vyako vilikuwa vizuri. Anasema usidhani umepumzika, Jumapili simu itapigwa kama kawaida, na wewe utasikiliza tu kwa kuwa sasa mkalimani hatumhitaji. Anasema tumekukumbuka sana."

Gerda hakuwa amesema lolote. Alikuwa amesimama kando yangu na kopo mkononi, anasubiri. Kisha akauliza taratibu, kwa maneno mepesi anayonichagulia:

"Umemwambia nini?"

Nikajifuta uso. "Nimemwambia unamsalimu," nikasema kwa Kijerumani. "Na unamwombea afya njema."

Alinitazama mimi, akatazama jiwe, akanitazama tena.

"*Lügnerin*," akasema, akanipa kopo nimwagilie.